Prius ya 2006 na msimbo P0A80: kumbukumbu ya mradi wangu

Gari ni Toyota Prius NHW20 ya 2006, kizazi cha pili, gari la haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri yake kubwa inayoendesha mota ni ile ile iliyotoka nayo Japani. Nikipandisha kutoka Ubungo kwenda Kimara, pembetatu nyekundu iliwaka kwenye dashibodi, nguvu ikapungua, na feni ya nyuma ikaanza kuvuma kwa sauti. Gereji niliyoikimbilia waliipima kwa kompyuta dakika chache, wakaona P0A80, hukumu ikatoka: "Bosi, betri imekufa, weka nyingine nzima."

Simlaumu fundi. Maelezo ya msimbo huo kwenye mashine yanasema hivyo hivyo, badilisha betri. Ila kompyuta haina macho. Imeona kundi moja la betri halilingani na wenzake, basi. Kwa nini halilingani ni kazi yangu kutafuta, na kabla sijatoa pesa ya betri nzima nataka jibu hilo.

Jumamosi: kusoma bila kufuta

Nimeanza na betri ndogo ya volti 12 iliyoko kwenye buti, kwa sababu ikiwa dhaifu, Prius huwasha taa chungu nzima zisizohusiana na ugonjwa wenyewe. Gari likiwa limezimwa imesoma 12.6, na taa ya READY, ya kuonyesha gari liko tayari kuondoka, ikiwaka 13.9. Hiyo nimeitoa kwenye orodha.

Kisha mlango wa OBD chini ya usukani, ule wa pini 16 wa kuchomekea skana ya kusoma misimbo. Mfumo wa OBD2 uliwekwa kuwa lazima Marekani kuanzia magari ya 1996, na lengo lilikuwa kuchunga moshi wa injini. Ndiyo maana skana ya bei poa inaijua injini vizuri lakini upande wa haibridi inagusa juu juu tu. Prius ina kompyuta ya injini, ya haibridi, ya betri, ya breki na nyinginezo, kila moja na misimbo yake. Kifaa changu kidogo cha Bluetooth na programu ya simu vilinipa P0A80 peke yake. Nilipounganisha laptopu yenye Techstream, programu ya Toyota wenyewe, hadithi ikaongezeka: kompyuta ya haibridi ina P3000, unaosema tu kwamba betri kubwa ina tatizo, kompyuta ya betri ina P0A80 yenye namba ndogo 123, na pembeni yake P3017.

Hiyo P3017 ndiyo iliyonifurahisha. Betri ya gari hili ina moduli 28 za volti 7.2, jumla volti 201.6, na kompyuta inazipima mbili mbili, yaani makundi 14. Misimbo P3011 hadi P3024 inataja kundi lililodhoofika, kuanzia la kwanza hadi la 14. Kwa hiyo sasa najua ni kundi la saba, moduli ya 13 na ya 14.

Techstream pia ilikuwa imehifadhi hali ya gari wakati taa inawaka: mwendo kilomita 62 kwa saa, chaji ya betri asilimia 52, mkondo unaotoka kwenye betri ampea 88, joto la betri nyuzi 47. Yote haya nimeyapiga picha. Ukifuta msimbo, au ukichomoa ile betri ndogo, kumbukumbu hiyo inaweza kupotea, na ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo tukio likitokea. Nawaomba mafundi na wenye magari: piga picha kwanza, futa baadaye.

Jumapili: kundi la saba barabarani

Asubuhi kabla ya kuondoka, READY imewaka lakini injini haijawaka wala gari halijasogea, makundi yote 14 yalikuwa kati ya 15.9 na 16.0. La saba halikupungukiwa kitu.

Hapa nilikaa muda mrefu na kikombe cha chai nikifikiri. Kila kundi lina seli 12 za takriban volti 1.2. Seli moja ikifa, kundi lake hubaki chini kwa kiasi hicho hata gari likiwa limetulia. La kwangu likitulia liko sawa na wenzake. Basi kinachonisumbua hujitokeza umeme ukipita tu.

Nikaenda Daraja la Kigamboni. Mke wangu alishika usukani, mimi nikashika simu. Nilimwomba akanyage mafuta kwa kiasi kimoja bila kubadilisha, kwa sababu kifaa cha Bluetooth ni cha polepole: volti na mkondo havisomwi papo hapo kwa pamoja, na mguu ukichezacheza unalinganisha vitu vya nyakati mbili tofauti.

Tukipanda, betri ikitoa ampea 80, makundi mengine yalishuka hadi 14.4 hivi. La saba, 13.4. Tukishuka upande wa pili, breki zikirudisha umeme ampea 60, mengine yalipanda hadi 17.1. La saba, 17.8.

Angalia hesabu yake. Tofauti ya volti 1.0 ukigawa kwa ampea 80 ni omu 0.0125. Tofauti ya volti 0.7 ukigawa kwa 60 ni omu 0.0117. Karibu ni ile ile, ukitoa umeme na ukiurudisha. Kundi lililochoka kwa kupoteza uwezo lisingekuwa na nidhamu hiyo. Lingeendelea kuporomoka kadiri mzigo unavyodumu. Huu ni ukinzani uliokaa mahali fulani kwenye njia ya umeme, ndani ya kundi la saba. Kiungo kibovu.

Jambo la pili ni joto. Nyuzi 47 ni nyingi kwa betri hizi za nikeli. Feni inavuma, hewa haipiti.

Jumamosi iliyofuata: kufungua

Onyo kwa yeyote atakayefuata njia hii: volti 200 za mkondo wa moja kwa moja zinaua. Glavu za mpira za kuhimili volti 1000, zilizokaguliwa kama zina tundu. Gari limezimwa, ufunguo uko mbali, waya hasi wa betri ndogo umetolewa, plagi ya usalama ya rangi ya chungwa imechomolewa na iko mfukoni mwako, si mfukoni mwa mwingine. Subiri dakika tano kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota) zipoteze umeme, halafu hakikisha kwa mita. Hata hapo moduli zenyewe bado zina umeme. Plagi inaukata tu mnyororo. Spana yangu nimeizungushia tepu, ikabaki ncha tu.

Feni iko kando ya kiti cha nyuma. Mapezi yake yalijaa vumbi lililoshikana na manyoya ya zulia hadi yakawa kama blanketi. Imesafishwa kwa brashi laini.

Kisha betri. Moduli zimeungwa na vipande vya shaba kwenye fremu za plastiki pande mbili. Upande mmoja ndio wenye nyaya za kupima, mwingine hauna. Moduli ya 13 na 14 zinaungana upande usio na nyaya. Nikahesabu kidole kwa kidole, nikafungua nati. Kipande kilikuwa na ukoko wa kijani kuzunguka matundu yote mawili, na chini ya nati uso wa shaba umekuwa mweusi. Vya jirani vilikuwa vimefifia tu. Tunaishi karibu na bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na shaba.

Vipande vyote vimelowekwa kwenye siki na chumvi, vikasuguliwa, vikaoshwa kwa maji ya magadi, vikakaushwa juani. Kurudisha nati ni kwa spana yenye kipimo, nyutoni-mita 5.4. Ukizidisha unang'oa mguu wa moduli, na moduli hiyo ndiyo basi tena.

Majibu

Misimbo nimefuta sasa. Daraja lile lile, dereva yule yule, ampea 80: makundi yako kati ya 14.3 na 14.5, la saba 14.4. Kwenye kushuka halipandi tena peke yake. Joto baada ya foleni ya mchana halikuvuka 41. Kundi la 12 linashuka kidogo kuliko wenzake, volti 0.1, nimeliandika kwenye daftari ili nililinganishe nikipima tena.

Kinachofuata ni pampu ya maji ya inveta. Toyota waliyaita magari ya kizazi hiki yarudi kwa matengenezo mwaka 2012 kwa sababu ya pampu hiyo, na sina hati inayoonyesha kama la kwangu lilibadilishiwa. Ikisimama huleta P0A93, na msimbo huo sitausubiri: nikiwasha READY na kufungua kifuniko cha tanki la maji ya inveta, natakiwa kuona maji yanatibuka kwa mzunguko. Ya kwangu yanasogea, lakini kwa uvivu.