Siku moja maishani mwangu: maabara, watoto wachanga na saa ya homa

Saa 1:00 asubuhi. Kabla sijagusa damu ya mtoto yeyote, napitisha kwenye mashine sampuli ambazo majibu yake tunayajua tayari. Yakitoka sawa, kazi inaanza. Mwenzangu wa usiku ananikabidhi: mtoto wa siku 16, homa 38.6, CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukipambana na maambukizi) 6, ananyonya vizuri. Chupa ya damu yake, tunamooteshea bakteria kama wamo, imo mashineni tangu saa 4 usiku na bado iko kimya.

Saa 2:15. Zinafika chupa za mtoto wa wiki tano. Joto 38.3, hana mafua wala kikohozi, anachangamka. Watoto wa namna hii ndio wanaonifanya niipende kazi hii na kuiogopa. Katika umri huo homa ya nyuzi 38 peke yake inatosha kuanzisha uchunguzi. Wengi huwa na virusi tu, lakini wachache wana bakteria kwenye mkojo, kwenye damu au kwenye maji ya uti wa mgongo, na macho hayawezi kuwachambua.

Fomu haisemi homa imeanza saa ngapi. Napiga simu wodini.

"Imeandikwa leo," muuguzi ananijibu.

"Leo saa ngapi, dada? Naomba umuulize mama."

Kumbe mama alikipiga picha kipimajoto kwa simu yake. Picha inaonyesha saa 11:12 alfajiri. Damu imetolewa saa 2:05, yaani homa haijatimiza hata saa tatu. Naandika hivyo kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Najua naonekana msumbufu. Lakini CRP ni protini inayotengenezwa na ini, na huchukua takriban saa 6 hadi 12 ndipo ianze kupanda. Kilele chake huja siku ya pili. Prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha aina hiyo, huwahi zaidi, huanza kuonekana kwenye saa 4 hadi 6. Namba ndogo iliyopimwa mapema inaweza kuwa habari njema, na inaweza kuwa mwili haujapata muda wa kusema. Jibu lisiloandamana na saa yake ni nusu ya jibu.

Saa 3:30. Majibu: CRP 3, prokalsitonini 0.2, nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na bakteria) 3,100, mkojo safi. Mkojo ulitolewa kwa mpira mwembamba ulioingizwa kwenye njia ya mkojo, nashukuru, maana ule wa kukingwa kwa mfuko unaobandikwa kwenye ngozi huchafuka kirahisi na kuleta bakteria wa ngozi.

Daktari anashuka mwenyewe. Mwongozo wa mwaka 2021 wa AAP, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, unawagawa watoto wanaoonekana wazima kwa umri: siku 8 hadi 21, 22 hadi 28, na 29 hadi 60. Kundi la mwisho ndilo ambalo vipimo vya damu vina sauti kubwa. Prokalsitonini ikizidi 0.5, CRP ikizidi 20, au nyutrofili zikipita 4,000, tahadhari inapanda. Huyu hajavuka hata mstari mmoja.

"Naweza kumruhusu?" ananiuliza.

Uamuzi ni wake. Namwonyesha ile saa 11:12. Anaitazama, kisha anasema, "Tutarudia saa 8 mchana." Hapo moyo wangu unatulia.

Saa 5:00. Nipo na mwanafunzi wa maabara, tunazungumzia ujazo. Mtoto wa kilo nne ana damu ya mililita 320 hivi mwili mzima, kwa hiyo kila tone tunaloomba lina uzito. Namwambia: damu ikitoka kidogo, chupa ya kuotesha ijazwe kwanza, walau mililita moja. Chupa iliyopata matone machache inaweza isioteshe kitu ilhali bakteria wamo, na hakuna mashine itakayokwambia kwamba imedanganywa.

Saa 6:40. Mashine ya kuoteshea inalia: kuna kilichoota. Ni chupa ya yule wa siku 16.

Napaka tone lake kwenye kioo, naweka rangi ya Gram, inayotofautisha aina za bakteria, kisha naangalia kwa hadubini. Vijidudu vya duara, rangi ya zambarau, vimejipanga kama shanga. Ni bakteria wa jamii ya streptokoki, na katika umri huu mtu huwaza kwanza wale wa kundi B. Sisubiri kuandika, napiga simu na kumwomba daktari arudie maneno yangu.

Mtoto huyu alikuwa na CRP 6 usiku, na alikuwa ananyonya. Kama angeamuliwa kwa namba hiyo, angekuwa nyumbani. Lakini hadi siku 21 za umri hatuachi damu iamue: mtoto hulazwa, hutolewa damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo, na dawa huanza bila kusubiri majibu. Kwa hiyo alikuwa ameshapata antibiotiki saa 14 kabla chupa haijalia. Wazazi wengi huuliza kwa nini kichanga mwenye sura nzuri achomwe sindano mgongoni. Ningependa wote wajue kisa hiki.

Saa 8:10 mchana. Damu ya pili ya mtoto wa wiki tano. Sasa homa ina saa tisa.

Saa 9:05. Prokalsitonini 0.2 tena. CRP 5. Sasa namba hizi zina maana. Daktari anaamua kumruhusu bila kumchoma mgongo na bila antibiotiki, kwa sharti aonwe tena ndani ya saa 24 na mama ajue dalili za kumrudisha mara moja: kukataa kunyonya, kulegea, kupumua kwa shida. Faida ya vipimo hivi ni hii pia, kumwepusha mtoto na sindano na dawa asizozihitaji.

Saa 11:00 jioni. Namkabidhi mwenzangu. Sahani niliyooteshea streptokoki isomwe asubuhi, majibu ya dawa zinazoiua yafuate. Chupa za damu na mkojo za mtoto aliyeruhusiwa bado zinaoteshwa; zikionyesha chochote, namba ya simu ya mama ipo kwenye fomu, nimeihakiki.