Nilivyojitafuta kwa tiba ya mazungumzo, kuanzia neno "sawa tu"

Nilikwenda kwa mwanasaikolojia na swali kubwa: mimi ni nani hasa? Halikunifikisha popote. Lililonisaidia ni dogo: leo nimesema "sawa tu" mara ngapi na moyoni si sawa?

Donald Winnicott, daktari wa watoto na mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1960 kuhusu nafsi ya kweli na nafsi ya bandia. Ya bandia hujengeka mtoto anapozoea kufuata matakwa ya mlezi hadi ya kwake yanafifia, na kazi yake ni kuilinda ile ya kweli. Kwa hiyo haing'oki kwa siku moja. Wala tusiichanganye na adabu: kumwamkia mkubwa si unafiki. Tatizo ni pale unapoulizwa unataka nini, ukatafuta ndani usikute kitu.

Ili kuzinasa hizo "sawa tu" naweka daftari lenye safu nne: kilichotokea, mwili ulivyohisi, nilichosema, na ambacho ningesema bila woga. Pembeni naandika kiwango cha woga, 0 hadi 10. Najaza ndani ya saa moja baada ya tukio, maana ukichelewa akili inaanza kutunga visingizio. Mstari mmoja uko hivi: "Simu ya shangazi, mchango wa harusi. Taya zimekaza, pumzi fupi. Nimesema: Sawa shangazi, nitatuma. Ningesema: Shangazi, mwezi huu nina elfu ishirini tu. Woga 7."

Safu ya nne ndiyo ngumu. Wiki mbili za mwanzo yangu ilikuwa tupu. Usiijaze kwa kubuni. Iache wazi, uende nayo hivyo hivyo kwa mshauri. Wakati huo jizoeze kwa vitu vidogo: chai ya rangi au ya maziwa, kukaa dirishani au mlangoni. Ukijikuta unasema "yoyote tu", subiri kidogo, kisha chagua.

Kikao changu ni dakika 50 kwa wiki. Peleka mstari mmoja. Ukipeleka mitano utaisimulia yote na hakuna utakaouchimba. Kosa linalokula muda mwingi zaidi ni kutaka kuwa mteja mzuri. Nilikuwa natoa ripoti za maendeleo kwa sababu nilimwona mshauri anafurahi, yaani "sawa tu" ile ile imenifuata mpaka kwenye kiti. Dawa yake ni kulisema hapo hapo: "Jibu hili nimekupa ili nikuridhishe." Liseme mapema, si dakika mbili kabla ya kuagana. Kwangu hakuna sentensi iliyofungua mambo kama hiyo.

Kisha majaribio nje. Chagua jambo lenye woga wa 3 au 4, si mgogoro na baba. Nunua muda: "Nipe hadi kesho jioni nitakujibu," na kesho jioni jibu kweli, la sivyo umekwepa tu. Kabla ya kujibu andika unachohofia kitatokea. Baadaye andika kilichotokea. Jihadhari na hasira, kwa sababu aliyenyamaza miaka mingi huanza kwa kufoka na kudhani huko ndiko kujipata. Lala na neno unalotaka kusema siku mbili. Likibaki lile lile ukiwa umetulia, ni lako.

Kama nyumbani kuna kipigo, usianze kukataa chochote kabla ya kupanga usalama wako na mshauri.

Kabla ya kulipa, muulize mtaalamu kuhusu elimu yake, usajili, na mipaka ya usiri: mara nyingi usiri hukoma maisha ya mtu yakiwa hatarini. Muulize pia mtajuaje kwamba kazi imekwisha. Mimi tulikubaliana kupunguza hadi kikao kimoja kila wiki mbili pale safu ya tatu na ya nne zitakapofanana siku nyingi zaidi kuliko zinapotofautiana. Siku safu hizo zinapofanana siandiki. Daftari ni la zile nyingine.