Saruji ya mji, mikono ya Washington

Nikitaka kujua jengo la umma la miaka ya 1930 katika mji mdogo wa Marekani lilijengwa kwa fedha ya nani, naangalia ukuta kabla ya kusoma bamba la shaba mlangoni. Tofali la kuchoma lililopangwa kwa uzi, madirisha ya chuma, sakafu ya terazo: hapo mara nyingi ni PWA, idara ya serikali kuu iliyoipa miji ruzuku na mikopo ya ujenzi, na mkandarasi alipatikana kwa zabuni. Mawe ya jirani yaliyochongwa kwa nyundo, ukuta mnene kuliko paa linavyohitaji: hapo nabashiri WPA, idara nyingine ya serikali kuu, iliyowalipa ujira wasio na kazi. Kuna majengo yanayonikosesha, lakini si mengi. Nikizidi kuzisoma taratibu za miradi ile ya wakati wa Mdororo Mkuu, anguko la uchumi la miaka ile, naona mchoraji wa kwanza wa jengo hakuwa msanifu. Alikuwa kifungu cha sheria kilichosema nani analipa nini.

Kwanza, hali ya mfuko wa mji. Mji mdogo uliishi kwa kodi ya mali. Bei ya mazao ilipoporomoka, wenye mashamba na nyumba wakaacha kulipa. Hata kwenye miji yenye wakazi zaidi ya 50,000, mwaka 1933 karibu robo ya kodi ya mali ilikuwa haijalipwa kwa wakati. Kuna miji iliyolipa walimu na makarani kwa hati za ahadi, ambazo wenye maduka walizipokea kwa bei pungufu. Kuna iliyokuwa na akiba, ila akiba yenyewe ilikuwa ndani ya benki iliyofungwa. Diwani wa wakati huo alishinda kikao kizima akijadili taa zipi za barabarani zizimwe.

Halafu Juni 1933 ikaja PWA, chini ya Harold Ickes, ikiwa na dola bilioni 3.3 za kazi za umma. Masharti ya mwanzo: ruzuku ya asilimia 30 ya gharama za kazi na vifaa, na kilichobaki mji ungeweza kukopeshwa kwa riba ya asilimia 4. Mwaka 1935 ruzuku ikapanda hadi asilimia 45. Ni fedha nono kwa halmashauri iliyofilisika, ila ilikuwa na mlango mwembamba.

Chukua mfano wa kubuni. Mji unataka shule ya dola 60,000. Ruzuku ni dola 27,000, mji utafute 33,000 kwa kuuza hatifungani. Majimbo mengi yalikuwa yameweka ukomo wa deni la mji kulingana na thamani ya mali iliyokadiriwa kwa kodi: Illinois asilimia 5, Indiana asilimia 2. Tuseme mji wetu uko Illinois na mali yake, iliyokuwa na thamani ya dola 800,000 kabla ya anguko, sasa imekadiriwa 600,000. Ukomo umeshuka kutoka 40,000 hadi 30,000. Shule imekwama kwa dola 3,000, hata kama kila mpiga kura anaitaka na hakuna deni jingine. Na kura nayo ilikuwa shughuli. Missouri na California zilidai theluthi mbili ya kura kupitisha hatifungani za aina hiyo, kwa hiyo asilimia 60 ya wananchi walisema ndiyo na mradi ukafa.

Ndiyo maana miradi ya maji na umeme ilipita kirahisi kuliko maktaba. Bomba la maji lina bili. Hatifungani zake zingeweza kulipwa kwa mapato ya bili hizo tu, nje ya ukomo wa deni, pale sheria ya jimbo iliporuhusu, na serikali ya Roosevelt iliyasukuma majimbo yabadili sheria zake yaruhusu. Maktaba haina bili. Upande wa umeme kulikuwa na kikwazo kingine: kampuni binafsi za umeme zilikimbilia mahakamani kuzuia miji isijenge mitambo yake kwa fedha ya PWA, na miradi ikasimama mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoitupa kesi ya kampuni ya Alabama, Januari 1938.

Mradi ukishapita, kazi ya PWA ilienda kwa mkandarasi kwa zabuni zilizofungwa. Kosa la kawaida lilikuwa makadirio ya mhandisi kuwa chini ya bei ya zabuni ya chini kabisa, maana mshahara kwenye miradi hiyo ulipangwa kutoka juu: kibarua senti 40 kwa saa kusini, 45 katikati, 50 kaskazini, fundi dola 1.00, 1.10 na 1.20. Wiki ya kazi ilikuwa saa 30. Mhandisi aliyezoea kulipa senti 20 kwa saa alikuwa na makadirio ya kuchana. Karani mjanja alidai zabuni yenye vipande vinavyoweza kukatwa: bei na ukumbi, bei bila ukumbi, terazo, au zege tupu. Asiyefanya hivyo alirudia zabuni yote, na miezi ikaenda.

WPA, iliyoanza Mei 1935 chini ya Harry Hopkins, ilikuwa kitu kingine kabisa. Haikupa mji fedha, haikuwa na mkandarasi. Ililipa watu. Mji ukiwa mdhamini wa mradi ulileta michoro, mhandisi, malori na sehemu kubwa ya vifaa. Washington ilileta ujira wa watu waliothibitishwa na ofisi ya misaada kuwa hawana kitu, mmoja kwa kila familia. Gharama za serikali kuu zisizo za ujira zilibanwa zisizidi dola chache kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na sheria ya mwaka 1939 ikataka wadhamini wachangie angalau robo ya gharama. Sisi tumezoea kinyume chake: wananchi wanasomba mawe, mchanga na maji, serikali inaleta saruji na mabati. Kule saruji ilikuwa mzigo wa mji, na mikono ilikuwa ya serikali.

Fuata hesabu hiyo uone inakopeleka. Kila tofali lililonunuliwa lilitoka mfuko wa mji. Kila saa ya kazi ilitoka Washington. Kwa hiyo diwani mwenye akili alitaka jengo linalokula saa nyingi na vifaa vichache, na jibu lilikuwa jiwe. Machimbo yapo maili tatu nje ya mji, mwenye shamba anayatoa bure au kwa bei ya kutupa, na watu 20 wanaweza kushinda msimu mzima wakipasua na kuchonga. Oklahoma imejaa maghala ya silaha ya jeshi la akiba yaliyojengwa hivyo, kwa ramani za kawaida za Bryan W. Nolen, mengi kwa jiwe la mchanga la palepale. Watalii huyasifia kwa umbo lake la kizamani. Mimi nasifia bajeti.

Pale ndipo palipokuwa na matatizo pia. Mji mdogo una wakulima wengi wasio na kazi na waashi wawili. Na hadi 1939 hao waashi wawili walikuwa na saa chache. Ujira wa WPA ulipangwa kwa mwezi, kati ya dola 19 na 94 kulingana na eneo na ujuzi, lakini kwa saa ulilinganishwa na bei ya soko. Tuseme kibarua ana dola 40 kwa mwezi kwa senti 40 kwa saa: anafanya saa 100. Mwashi ana dola 60, kwa dola 1 kwa saa: anamaliza mwezi wake kwa saa 60. Wiki mbili za mwisho mawe yapo, mchanga upo, vibarua wapo, mtu wa kupanga kona hayupo. Ule utani maarufu wa wafanyakazi wa WPA walioegemea beleshi nadhani ulizaliwa kwa sehemu hapo. Msimamizi mzuri aligawa waashi zamu mbili, mmoja nusu ya kwanza ya mwezi na mwingine nusu ya pili, na akawapa vibarua kazi ya machimbo pale kona zilipokosa mtu. Sheria ya 1939 iliweka saa 130 kwa mwezi kwa wote, na vyama vya mafundi, ambao malipo yao ya saa yalishuka kwa hilo, vikagoma Julai ile.

Tatizo jingine ni idadi ya watu. Mwaka 1937 WPA ilipunguzwa sana, na kufikia vuli ilikuwa na watu kama milioni 1.5, mwaka mmoja baadaye walikuwa zaidi ya milioni 3. Mji uliomwaga msingi mwanzoni mwa 1937 ungeweza kuona kikosi chake kikikatwa nusu kabla ya lenta. Wakati wa mavuno watu waliachishwa ili waende mashambani. Na baridi ikifika, mota mbichi inaganda, maji yake yanapanuka, na ukipita majira ya kuchipua unaikwangua kwa kidole. Turubai na majiko ya kupasha ukuta vilikuwa vifaa, yaani fedha ya mji, kwa hiyo mara nyingi kazi ilisimama tu.

Njia za waenda kwa miguu ndizo zilizoenda vizuri, kwa sababu hesabu yake ilikuwa fupi. Futi 100 za njia, upana futi 4, unene inchi 4, ni futi za ujazo 133. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 unahitaji mifuko kama 30 ya saruji ya ratili 94, karibu kilo 43 kila mmoja, na kokoto mara mbili ya mchanga. Mji, au mwenye nyumba inayotazama barabara, ananunua mifuko; WPA inachimba, inafunga mbao, inachanganya, inamwaga. Pale pasipofanikiwa, chanzo kilikuwa maji: zege linalochanganywa kwa beleshi ni zito, anayechoka anaongeza ndoo, na uso unaanza kumenyuka baada ya barafu za miaka michache. Vyoo vya shimo vilijengwa kwa mtindo huohuo, zaidi ya milioni 2 nchi nzima, kila kimoja na slebu ya zege na mfuniko. Madiwani hawakupiga navyo picha, ila naviweka juu ya maghala yote ya silaha.

Na mji usio hata na fedha ya mifuko? Key West, Florida, wenye wakazi kama 12,000, ulisalimu amri Julai 1934. Halmashauri ilimkabidhi gavana mamlaka yake, naye akamkabidhi Julius Stone, mkuu wa misaada ya serikali kuu jimboni. Wengi wa wakazi walikuwa wakiishi kwa misaada. Wakajitolea saa zao kusomba takataka na kukarabati nyumba ili mji uuzwe kwa watalii. Kazi ilifanyika, nani aliipigia kura ni swali jingine.

Nirudi kwenye jiwe, maana halmashauri za leo zimerithi kuta hizo. Jiwe la mchanga lina tabaka, na linapaswa kulala kama lilivyolala ardhini. Mkulima aliyefundishwa uashi wiki ile alilisimamisha, uso mpana nje, kwa sababu linafunika ukuta haraka. Mawe hayo ndiyo yanayobanduka magamba sasa, moja hapa, moja pale, huku jirani zake wazima. Linalofuata ni fundi kujaza viungo kwa saruji kali. Maji yaliyoingia ukutani hayapiti tena kwenye kiungo, yanapita kwenye jiwe, na barafu inakula jiwe lililokuwa zima. Kiungo lazima kiwe laini kuliko jiwe: kwangua mota ya zamani kwa tindo, si kwa mashine ya diski, hadi kina cha mara mbili ya upana wa kiungo au zaidi, lowesha, kisha jaza kwa saruji 1, chokaa 2, mchanga 9, tabaka kwa tabaka. Jiwe laini sana lipewe chokaa bila saruji kabisa, na ukuta ufunikwe magunia yenye unyevu kwa siku kadhaa.