Phantom na sisi wa baiskeli

Jana nipo kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, na kahawa yangu, baiskeli nimeiegemeza ukutani, nikawa nacheki video za gari la kifahari, Rolls-Royce Phantom, aisee wale wanaolitengeneza Goodwood kule Uingereza sio wazima. Injini V12, yaani silinda 12, ya lita 6.75, turbo mbili, lakini ndani kimyaaa, wameshindilia kama kilo 130 za vitu vya kuzuia kelele tu. Darini vitaa kama nyota. Ila kilichoniua mie ni mwamvuli, umefichwa mlangoni, unaurudisha umelowa unakaukia humohumo! Halafu nembo ya katikati ya rimu haizunguki, tairi linaenda yenyewe imesimama wima. Mzee mmoja akauliza, sasa chumvi ya bahari pale Raskazone si itaila hiyo gari? Nikaagiza kashata nyingine.