Opinel namba 8 kwa mtu wa Mombasa

Watu wakiuliza kisu gani cha kukunja kinafaa kubeba kila siku, wengi wanakimbilia makali, ati kinanyoa vinyweleo vya mkono au hakinyoi. Hapa kwetu hilo lingoje kwanza, maana kisu kipya kipi kisichokata? Cha kwanza kuuliza Mombasa ni chuma chake kitaelewana vipi na hewa ya chumvi, alafu watu watakuangalia vipi ukikitoa mfukoni. Mi nabeba Opinel namba 8, ndugu yangu baharia ndo aliniletea toka Ufaransa, na sasa nshakaa nacho jua la kaskazi na mvua za masika, kwa hivo maneno ninayo.

Kwa asokijua, ni kisu cha mbao. Yani mpini ni kipande kimoja cha mbao ya mti wa Ulaya, laini, rangi ya biskuti, kimechongwa duara na kitako kimepinda kidogo, na kisu kizima kina vitu vitano tu: mpini, bapa, pini inayoshika bapa, ringi ya chuma iliyotulia na ringi nyengine inayozunguka juu yake. Basi. Hakuna skrubu, hakuna springi, hakuna klipu ya mfukoni. Aliyekitengeneza ni Joseph Opinel, mwaka 1890, huko Savoie kwenye milima ya Ufaransa, na kilikuwa kisu cha wakulima na wachungaji. Ile ringi inayozunguka, ndo inayolifunga bapa lisijikunje, ilikuja baadae, 1955, kabla yake kisu kilikuwa kinasimama kwa kubanwa na mbao peke yake. Kwenye bapa pamepigwa chapa ya mkono wenye taji juu, ukikitizama mara ya kwanza utadhani ni nembo ya sultani fulani.

Bapa la namba 8 ni sentimita 8 na nusu, na kisu kizima ni chepesi mpaka kuna siku napapasa mfuko nikidhani nimekisahau nyumbani.

Kazi yangu ni duka la leso Biashara Street, kwa hivo kisu hakilali. Asubuhi ni marobota, yanakuja yamefungwa mikanda ya plastiki ile migumu imevutwa kwelikweli, na hapo ndo utajua kisu chako. Kisu kinene kinaupanda mkanda alafu kinateleza, hichi bapa lake ni jembamba sana, unaliingiza chini ya mkanda upande wa makali ukiangalia juu, unanyanyua kidogo tu, unasikia pap, mkanda umeruka. (Geuza uso ukikata mikanda hiyo, inarudi kwa kasi.) Alafu kuna kukata doti. Leso zinakuja pacha, na kati ya moja na nyengine pana ule mstari mtupu usio na nakshi, mi natia ncha ya kisu pale pindoni, nafungua kama upana wa kidole, na iliyobaki nachana kwa mikono miwili, maana pamba ikichanwa inafuata uzi wake wenyewe na inanyooka kushinda mkasi. Kisu butu pale pindoni kinavuta nyuzi na mteja anaona, na wateja wa leso mnawajua, wanaisoma jina, wanainusa, wanaikunjua kwenye mwangaza, hawaachi kitu.

Mchana ni embe. Au chungwa, au muhogo wa kuchoma jioni tukipita Mama Ngina kando ya bahari. Dafu usijaribu, hilo lina panga lake.

Sasa tuje kwenye mbao. Mbao inakunywa maji, na hewa ya Mombasa ni maji nusu. Mwezi wa tano, mvua zikikazana, ule mpini unavimba pale bapa linapolala na kisu kinagoma kufunguka, kucha inakatika na bapa limekaa tu. Ukikifungua kwa nguvu ndo hatari, siku kitakapoachia kitaachia na kidole. Hili la kuvimba si ajabu, lajulikana na kila anayetumia visu hivi hata huko kwao kwenye baridi, ila sisi tunalipata dozi kubwa.

Mbele ya duka letu barazani kuna fundi wa cherehani anayekunja pindo za leso, mtu mzima, siku hizo akaniona nahangaika nacho.

"Mwanangu, hicho ni kisu ama kufuli?"

"Kimevimba, ami. Mvua hizi."

"Basi si ukigonge kitako. Wavuta kwa kucha, we bibi harusi?"

Akakichukua, akahakikisha ringi imekaa mahali pa kufungulia, akaugonga ule mpindo wa kitako kwenye ukingo wa baraza, mara moja, na bapa likachungulia lenyewe nje kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Mi nlikuwa nacheka moyoni, maana huko Savoie kilikotoka wenyewe wanafungua hivohivo, na mbinu hiyo wameipa jina la watu wa kwao, na huyu mzee hajawahi kumuona hata Mfaransa mmoja akigonga kisu. Mbao ni mbao.

Dawa yenyewe ya kudumu ni hii. Ngoja siku za jua, kianike kikauke kabisa, chukua msasa laini uukunje uingie kwenye ule mfereji na hasa pale kwenye pini, usugue kidogo kidogo. Kidogo wallahi, ukizidisha bapa litaanza kucheza. Alafu yeyusha vaselini, itie kwenye pini na ndani ya mfereji iingie kwenye mbao, acha usiku kucha, asubuhi pangusa. Maji yakija yanakuta nafasi imeshachukuliwa. Tangu nifanye hivo kinabana kidogo tu mvua zikiwa kubwa, na kubana kidogo hakuna ubaya. Mafuta ya nazi sikushauri, najua yako kila jikoni lakini kwenye mbao yanachacha na mfuko wako utanuka. Mafuta ya cherehani ni mazuri kwa pini, na kwa fundi napata bure, ila si ya kula, pangusa bapa vizuri kabla hujamenya embe.

Chuma. Hapa sikilizeni vizuri kwa sababu Opinel hii inauzwa kwa chuma cha aina mbili na kwa macho zinafanana. Moja imeandikwa CARBONE, nyengine imeandikwa INOX. Ya kaboni wapenzi wa visu wanaisifu, inanoleka upesi na makali yake ni matamu. Wachukue wao wanaoishi milimani. Chuma cha kaboni kikigusa ndimu kinageuka cheusi papo hapo, na embe letu sisi bila ndimu na pilipili na chumvi ni embe gani? Utakula embe lenye ladha ya msumari. Na jasho la mfukoni nalo lina chumvi, ukikisahau kwenye suruali umesafiri wikendi utakikuta kina madoa ya kutu. INOX ni chuma cha pua, yani stenlesi, ndani yake mna kromiamu kama asilimia 13, na hiyo kromiamu ndo inayojenga utando mwembamba juu ya chuma unaozuia kutu. Unazuia, haumalizi. Ukikatia chambo pwani na ukakifunga na maji ya bahari ndani, kutu itakuja tu, itaanzia pale kwenye pini usikokuona. Suuza na maji ya bomba, pangusa, kiache wazi kikauke. Hata vile visu vyeusi vya kutisha wanavyotembeza wachuuzi, vimeandikwa stenlesi kwa herufi kubwa, ukivivusha feri ya Likoni na kurudi vinageuka rangi ya chai.

Na visu hivyo vyeusi ndo vinanileta kwa watu. Mji wetu umeumizwa na makundi ya vijana wa visu na mapanga, hilo halina siri, na mtu akisikia ile sauti ya kisu cha springi, chak!, kwenye matatu anashika mkoba kwanza ndo auliza. Sifa kubwa wanayotangaza wauzaji, eti kinafunguka kwa mkono mmoja, kwangu ndo kasoro kubwa. Hichi cha mbao kinataka mikono miwili, kucha, alafu uzungushe ringi taratibu kama unafunga chupa ya marashi, na hakuna aliyewahi kushtuka nikikitoa. Mama mmoja dukani aliniomba amenyee mtoto wake chungwa. Askari wa getini wengi wanakigeuza, wanacheka, "hichi cha jikoni", lakini wana haki ya kukizuia na sibishani nao, nakiacha pale nikitoka nachukua. Kwenye mkutano wa siasa usiende nacho hata kama ni cha mbao. Treni ya SGR pale Miritini mizigo inapita kwenye mashine, na uwanja wa ndege kisu ni cha begi linaloingia chini, si la mkononi. Jipangeni.

Kuna watakaosema afadhali Victorinox, kile kisu cha Uswisi chenye vifaa vingi, ina kifungua kopo, ina skrubudraiva, ina mkasi. Sipingi, ni kitu kizuri na chuma chake hakina wasiwasi, na hakivimbi. Ila zile ndogo za kawaida hazina loki, bapa linashikwa na springi ya mgongoni tu, na mimi kwenye mikanda ya robota nataka kitu kisichonifungia vidoleni. Ringi ya Opinel ukishaizungusha imekaa. Mchanga tu ndo unaisumbua, ukitoka nacho ufukweni ukisikia inakwaruza chukua mswaki mzee na maji.

Kunoa ni raha kwa sababu bapa jembamba halina nyama ya kuondoa. Jiwe la kawaida linatosha, na siku sina jiwe nageuza kikombe cha kauri, ule mviringo wa chini usio na rangi, napitisha pande zote mbili kwa kulaza bapa, kinarudi. Usimpe mnoaji wa gurudumu la baiskeli, si kwamba hawajui kazi, ila gurudumu limezoea mapanga na visu vya bucha, litakula bapa lako na litalitia joto mpaka libadilike rangi.

Kama namba 8 ni kubwa kwa mfuko wako kuna 7 na 6, nazo zina ringi. Namba 5 kushuka hazina ringi, zinashikwa na mbao tu. Ami barazani keshasikia kuna namba 2, bapa la sentimita 3 na nusu, anaitaka ya kukatia nyuzi, na kila ndugu yangu akipiga simu kutoka melini lazima aulizwe imefika wapi.