Kemia ya adivansi na lile tone la zambarau

Mdogo wangu kapangiwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), jana usiku kanitumia meseji "kaka kemia ya fomu faivu ikoje, huku wanasema inaua". Nikaanza kumjibu kwenye simu nikaona inakuwa ndefu, basi naiweka hapa na wenzake waisome.

Mi nilitoka fomu foo na A ya kemia. Test ya kwanza ya fomu faivu nikapata 18 kwa mia, na nilikuwa nimepiga msuli kweli, nimekesha, desa lote liko kichwani. Shida ndo ilikuwa hapo hapo, liko kichwani lakini sijalielewa. O-level unaweza kukariri ukatoboa, adivansi ukikariri oganiki (kemia ya kaboni) utafika mahali reaksheni zinakuwa mia mbili na zote zinafanana.

Mfano propeni (kaboni tatu kwa mstari, mbili zimeshikana kwa bondi mbili) na HBr, yani haidrojeni na bromini. Nilikariri kwamba haidrojeni inaenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi na bromini inakaa katikati. Sasa swali likaja na peroksaidi ndani, jibu linageuka, bromini inakaa mwishoni, nikaona hii sasa ni sheria nyingine ya kukariri. Mshkaji mmoja wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) ndo alinipigia pindi baada ya prepo, akachora elektroni ubaoni moja moja. Akaniambia angalia nani anatangulia kugonga. Bila peroksaidi inatangulia haidrojeni, inakaa mwisho ili chaji chanya ibaki kaboni ya katikati ambako inatulia zaidi. Ukiweka peroksaidi inatangulia bromini kama redikali (ina elektroni moja isiyo na mwenzake), nayo inakaa mwisho kwa sababu ile ile, ili redikali inayobaki iwe katikati. Yani sababu ni moja tu! Nilirudi bweni saa sita usiku sina usingizi kabisa, nikaanza kufungua daftari upya nikiuliza kila reaksheni nani katangulia na kwa nini.

Halafu praktiko. Hapa nina uchungu mpaka leo. Shule niliyosoma tuliingia maabara kwa maana ya kuingia tukiwa fomu siksi, mwezi wa pili, na pepa la NECTA (mtihani wa taifa) ni mwezi wa tano. Fomu faivu nzima titresheni (kudondosha kemikali moja kwenye nyingine mpaka reaksheni iishe, unapima kiasi) tulikuwa tunaichora ubaoni. Kemia huwezi kuichora jamani.

Siku ya kwanza tulipewa pamanganeti na asidi ya oksaliki. Unapima asidi kwa pipeti, unaongeza asidi ya salfa, unapasha moto mpaka kama nyuzi 60 au 70, ndo unaanza kudondosha pamanganeti kutoka kwenye bureti, ule mrija wenye vipimo na koki. Tone la kwanza likaingia, zambarau, likagoma kupotea. Nikadhani ndo endipointi, yani reaksheni imeisha, nikaandika mililita 0.10, mwalimu wa maabara akanishika mkono akasema tulia, tikisa, subiri. Likapotea taratibu. La pili likapotea haraka zaidi, la tatu likagusa tu maji halipo. Akanieleza kwamba manganizi inayotengenezwa na reaksheni yenyewe ndo inageuka kuwa kichocheo cha hiyo reaksheni, kwa hiyo mwanzo inasuasua halafu inachanganya. Kitu hicho nilikuwa nimekiandika kwenye noti miezi nane kabla na sikuwahi kukiona.

Na vitu vingine vidogo hakuna ubao utakaokufundisha, kwamba pamanganeti ina rangi nzito sana hivyo kwenye bureti unasoma ukingo wa juu wa mstari na sio chini kama zile zingine, kwamba haihitaji indiketa (kemikali ya kubadili rangi ikifika mwisho), yenyewe inajitangaza, unasimama ukiona pinki hafifu inayobaki. Hesabu nayo ikawa na maana, moli 2 za pamanganeti kwa moli 5 za oksaleti (ile asidi ya oksaliki), ukiwa na mililita 25 za oksaleti ya moli 0.05 kwa lita na pamanganeti ya moli 0.02 kwa lita lazima utegemee mililita 25 kwenye bureti. Mi nilipata 24.90 na nilifurahi kama nimezaliwa upya.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukifika tu wiki ya kwanza mtafute mwalimu wa maabara, mwombe kwa heshima akuachie jumamosi uoshe vyombo. Hata kuosha tu. Wanaoosha ndo huwa wanabakizwa wakati anaandaa solusheni, na ukiwa unaandaa naye atakuachia bureti mkononi kabla hata darasa halijafika huko. Koti la maabara usinunue, langu lipo, mama analo kabatini.