Siku Nzima na Aliyefiwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kuna maneno yamenikaa moyoni wiki hii yote. Rafiki yangu, dada katika imani, alifiwa na mama yake miezi kadhaa iliyopita. Tulipokuwa tukiongea aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa na bila kumlaumu mtu: "Watu walikuja, wakaomba, wakaondoka. Sasa hata jina la mama halitajwi." Nikamwuliza anataka nimfanyie nini. Nilidhani atasema tufunge na kuomba, au kuna shida fulani ya nyumbani imemlemea. Akasema anataka tutoke. Twende kwenye maduka ya vitu vya kale, tuangalie tu, naye abebe kamera yake apige picha. Mama yake alikuwa mpenzi wa vitu vya zamani, na binti kayarithi mapenzi hayo. Maneno ya faraja alikuwa ameyasikia ya kutosha. Alitaka mtu wa kutembea naye.

Tukaenda. Mimi si mjuzi wa vitu hivyo, kwa hiyo siku ile nilikuwa mwanafunzi. Kumbe anayejua kununua samani ya kale haanzi na uso wake. Anaipindua. Anatazama chini ya kiti, nyuma ya kabati, ndani ya droo, kule ambako fundi hakutegemea mtu angeangalia. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa mkono huwa na mikwaruzo iliyonyooka, na uliopita kwenye msumeno wa duara huwa na mikwaruzo iliyopinda. Meno yaliyounganisha pembe za droo yakilingana yote bila hitilafu, hiyo ni kazi ya mashine. Yakipishana kidogo upana, kuna uwezekano mkubwa ni mkono wa mtu uliyachonga. Rafiki yangu alikuwa akipapasa mbao hizo kwa vidole, na kila alichonieleza kilianza na "mama alisema". Mama alisema usinunue kabla hujavuta droo zote. Mama alisema harufu ya mbao haidanganyi. Nikatambua kwamba asubuhi ile mama yake alitajwa mara nyingi kuliko alivyotajwa katika miezi yote baada ya mazishi.

Kwenye meza ya sarafu muuzaji alituonya tusije tukanunua sarafu ya kale tukaisugua ing'ae, kwa maana ikishasuguliwa wakusanyaji hawaitaki tena kwa thamani ile ile. Ile rangi nzito iliyoletwa na miaka ni sehemu ya sarafu yenyewe. Nilimkumbuka Bwana aliyefufuka na makovu yake mikononi, akamwambia Tomaso alete kidole chake. Hilo ni somo la kujitegemea, nami naliacha hapo, kwa sababu kilichonishika siku ile kilikuwa mbele kidogo.

Kilikuwa sanduku la picha. Picha za watu, nyeusi na nyeupe, nyingine zimegeuka rangi ya majani makavu, zimerundikwa pamoja na kuuzwa mojamoja. Maarusi. Watoto waliosimamishwa wima kwa nguo za sikukuu. Mwanamke mzee ameketi kitini, mikono imelala mapajani. Nyuma ya nyingi hapakuwa na jina, hata herufi moja. Rafiki yangu alichuchumaa pale, akawa anazitoa moja baada ya nyingine, na kila moja anaitazama usoni kabla ya kuirudisha. Muda ukapita. Mimi miguu ilianza kuchoka na nafsi ikaanza kuniambia, mkumbushe kwamba kuna maduka mengine. Roho wa Bwana akanizuia. Mwishowe aliinua ile ya mwanamke mzee akasema, "Huyu naye alikuwa mama wa mtu." Akalia. Nikachuchumaa kando yake. Sikusema kitu, naye hakuhitaji niseme.

Alipotulia, yeye mwenyewe ndiye aliyenihubiria bila kujua. Anapenda historia ya upigaji picha, na akanisimulia habari ya Louis Daguerre, yule Mfaransa ambaye njia yake ya kupiga picha ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 1839. Picha zake zilitengenezwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na bamba lile lilihitaji kukaa mbele ya mwanga kwa dakika kadhaa ndipo lishike sura. Mwaka 1838 aliielekeza kamera yake dirishani, akapiga picha ya barabara ya Paris iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara yenye pilikapilika mchana, watu na magari ya farasi yakipita. Lakini ukiitazama picha hiyo barabara ni tupu. Wote waliokuwa wakipita hawakukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha, bamba halikuwashika. Pembeni tu, kwenye kona, pana mtu amesimama ameinua mguu mmoja, na mbele yake kuna mwingine ameinama, anamsafishia kiatu. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa picha za kwanza kabisa duniani zilizoonyesha binadamu. Barabara nzima ya watu, na waliobaki ni aliyesimama na aliyeinama miguuni pake.

Ndugu zangu, sijalala vizuri tangu nisikie habari hiyo. Mnakumbuka ni nani mwingine aliyeinama miguuni pa watu, usiku ule wa karamu, na beseni na kitambaa.

Mtu anapofiwa, nyumba yake huwa kama ile barabara. Tunapita wengi. Na tunapita kwa nia njema, sitaki mtu adhani nadharau wanaokuja msibani. Kuja ni utii, na heri waendao nyumba ya matanga, ndivyo Mhubiri anavyotufundisha. Lakini tunapita mbio. Tunaingia, tunasoma neno, tunaimba, tunaomba, tunatoa rambirambi, tunaangalia saa. Siku hizi tumeongeza na jingine: tunapiga picha tukiwa tumemshika mfiwa mkono, tunaituma kwenye makundi ya simu ili ijulikane kwamba ushirika umefika. Kisha ule mkono tulioushika hatuushiki tena. Wapendwa, naomba tuambiane ukweli mbele za Mungu: picha ile inaonyesha tulifika, lakini mfiwa akifumba macho yake usiku anaona barabara tupu.

Na tunayo lugha ya kujisitiri. "Tuko pamoja katika maombi." "Tutakutafuta." "Ukihitaji chochote usisite." Aliyefiwa hana nguvu ya kuhitaji chochote kwa sauti. Anaweza kushinda siku nzima amekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi asijue ampigie nani, kwa sababu kila mtu alimwambia asisite na hakuna aliyemwambia atakuja lini. Kama unampenda, mpe siku na saa. Mwambie, "Jumamosi nakuja, tutatoka."

Tusome tena Luka 24, ile habari ya Emau tunayoisoma kila Pasaka. Wanafunzi wawili wanatembea, wamefiwa na Bwana wao, na hawajui kwamba yu hai. Yesu mwenyewe anakaribia, anaandamana nao. Sasa tazama anachokifanya. Yeye ndiye mwenye habari njema kuliko zote zilizopata kutamkwa. Angeweza kusema, "Ni mimi, acheni kulia," na msiba ungekwisha pale pale. Hakuanza hivyo. Anawauliza, "Ni maneno gani haya mnayosemezana hivi mnapotembea?" Wakasimama wamekunja nyuso zao. Kleopa anashangaa, inakuwaje mgeni huyu hajui yaliyotukia Yerusalemu. Na Bwana anauliza tena: "Mambo gani?"

Mambo gani! Aliyesulubiwa ni yeye. Misumari ilipita kwenye mikono yake yeye. Hakuna aliyejua mambo hayo kuliko yeye, na bado anawaacha wayasimulie yote kwa maneno yao, tangu mwanzo, pamoja na tumaini lao lililovunjika: "Nasi tulikuwa tukitumaini kwamba yeye ndiye atakayewakomboa Israeli." Akawasikiliza hadi mwisho ndipo akafungua Maandiko. Kwanza alitembea, akauliza, akasikiliza. Mahubiri yalikuja baadaye, njiani, na mwendo wenyewe ulikuwa kama wa saa mbili. Walipofika kijijini wakamshika wakisema, "Kaa pamoja nasi, kwa kuwa kumekuchwa, na mchana unakwisha." Akaingia kukaa nao. Macho yao hayakufumbuliwa barabarani; yalifumbuliwa mezani, alipokwisha kuketi.

Sisi tunaanza na mahubiri. Mfiwa hajamaliza sentensi tumeshamwambia marehemu yuko mahali pema, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ni kweli, na nayaamini maneno hayo kwa moyo wangu wote. Lakini Ayubu aliyasema mwenyewe juu ya msiba wake. Hakuambiwa na mgeni aliyekuwa na haraka ya kuondoka. Na wale rafiki zake watatu, ambao tumezoea kuwasema vibaya, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Waliketi pamoja naye juu ya nchi siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno. Walipofungua vinywa vyao ndipo walipoharibu.

Kwa hiyo nakusihi, ndugu yangu, uulize. "Mama alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa akipenda nini? Alikuwa akikuambia nini ulipokuwa mdogo?" Wengi hawaulizi kwa kuogopa kumkumbusha mfiwa uchungu wake, kana kwamba amesahau. Hajasahau. Anachoogopa yeye ni kwamba wengine wamesahau, kwamba mama yake atakuwa uso usio na jina ndani ya sanduku. Litaje jina. Akilia, acha alie. Yesu alilia machozi katika msiba wa Lazaro, hali akijua kwamba baada ya kitambo kidogo atamwita atoke. Kama aliyekuwa na ufufuo mkononi alilia, wewe na mimi tuna haraka gani ya kukausha machozi ya watu?

Na si lazima iwe sebuleni, Biblia magotini. Nalisema hili hasa kwa viongozi na wazee wetu, kwa heshima: tumewafundisha watu kwamba faraja ni ratiba ya ibada, basi wasiojua kuhubiri wanadhani hawana la kumletea mfiwa. Unajua kutembea? Nenda ukatembee naye. Unajua kushona, kulima, kutengeneza baiskeli? Mwite mfanye pamoja. Dada yangu alifarijiwa kwa kupindua viti na kupiga picha za makufuli ya shaba, mashine za kushonea na vikombe visivyo na wenzake. Aliniomba nimshikie begi lake ili alenge vizuri. Huduma yangu kubwa siku ile ilikuwa kushika begi, na ninaamini iliandikwa mbinguni.

Tulipoachana aliniambia kwamba ile picha ya mwanamke mzee ameinunua. Jina la mwanamke yule hatulijui, ila Bwana analijua, maana amesema kwa Isaya, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu." Aliongeza kwamba akifika nyumbani atazitoa picha za mama yake zote na kuandika nyuma ya kila moja jina, mahali na mwaka, pale anapokumbuka. Wenye wazazi walio hai, fanyeni hivyo wakingali wanaweza kuwaambia nani ni nani.

Nimalize na wewe unayesoma hapa ukiwa ndiwe uliyefiwa, na njia ya kuja kwako imekwisha kuwa tupu. Labda unaona haya kuomba mtu akae nawe, ukidhani imani yako ni haba. Nenda Gethsemane, Mathayo 26. Mwana wa Mungu, ambaye angeweza kuitisha majeshi ya malaika, aliwachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, akawaambia, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Hakuwaomba wamweleze fumbo la mateso. Aliomba wakae. Nao wakalala usingizi, hata saa moja hawakuweza kukesha, kwa hiyo anakijua pia kile unachokisikia wewe wanadamu wanaposhindwa kukaa. Basi usione haya. Mchague mmoja, umpigie leo kabla jua halijazama, umwambie wazi kwamba hutaki ushauri, unataka aje mshinde pamoja. Na kama simu hiyo itakuja kwako wewe mwingine, acha unachofanya uende.